Kujenga Emacs kutoka kwenye msimbo wa chanzo katika Ubuntu 24.04

Karibuni, ndugu watazamaji. Katika video hii tutajenga kihariri cha maandishi cha GNU Emacs kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo. Emacs ya GNU ilitolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1985 na hadi leo inaendelea kuboreshwa. Ghala la programu la Ubuntu 24.04 lina toleo la 29.3, ilhali sisi tunataka toleo la 30.1 lililotoka Februari 2025, nalo tutalisakinisha ndani ya folda zetu wenyewe ili lile la mfumo lisiguswe hata kidogo.

Fungueni teminali. Tutaanza kwa kusakinisha kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa, pamoja na maktaba ambazo Emacs inazitegemea:

sudo apt install build-essential pkg-config texinfo libgtk-3-dev libgnutls28-dev libncurses-dev libxml2-dev libsqlite3-dev libtree-sitter-dev libjpeg-dev libgif-dev libtiff-dev libxpm-dev librsvg2-dev libgccjit-13-dev

Tafadhali tazameni silabi ya mwisho katika majina haya, yaani "dev", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Maktaba ya GnuTLS ya kulinda mawasiliano ya mtandao, kwa mfano, huenda tayari imo kwenye kompyuta yako kwa kuwa programu nyingine zinaitumia, lakini kompaila haitosheki na maktaba peke yake. Inahitaji pia zile faili zenye mwisho wa .h zinazoieleza ni kazi gani zimo ndani ya maktaba na huitwaje, na faili hizo huja katika kifurushi cha "dev" tu. Jambo la pili ni ile namba 13 ya libgccjit, ambayo lazima ilingane na toleo la kompaila yako. Andikeni gcc --version, na mkiona namba inayoanza na 14, basi badilisheni jina la kifurushi kifuate namba hiyo.

Sasa tupakue msimbo wenyewe pamoja na saini yake ya kidijitali, inayothibitisha kwamba faili haikuchezewa:

wget https://ftp.gnu.org/gnu/emacs/emacs-30.1.tar.xz
wget https://ftp.gnu.org/gnu/emacs/emacs-30.1.tar.xz.sig
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gnu-keyring.gpg

Kisha tuingize funguo za GNU na kuhakiki saini:

gpg --import gnu-keyring.gpg
gpg --verify emacs-30.1.tar.xz.sig

Mnachotafuta ni maneno "Good signature". Chini yake litatokea onyo kwamba ufunguo huo haujathibitishwa na mtu mnayemwamini. Onyo hilo ni la kawaida, kwa kuwa ninyi wenyewe hamjautia sahihi. Lakini mkiona "BAD signature", futeni faili hiyo na kuipakua upya, wala msiendelee nayo.

Fungueni furushi kwa tar xf emacs-30.1.tar.xz, ingieni ndani kwa cd emacs-30.1, kisha andikeni:

./configure --prefix=$HOME/.local --with-pgtk --with-native-compilation --with-tree-sitter

Chaguo la pgtk linawafaa wanaotumia Wayland, mmoja wa mifumo inayochora madirisha kwenye skrini. Wanaotumia X11, mfumo wa zamani zaidi wa kazi hiyo, waliache, kwani Emacs yenyewe itawaonya. Configure hukagua kompyuta yenu ina nini, na baada ya maswali yake mengi kupita kwa kasi, utatokea muhtasari, na hapa ninawaomba msimame. Usahihi wa kazi nzima umo katika muhtasari huu, si katika hatua inayofuata, kwa sababu zipo maktaba ambazo zikikosekana configure haisimami bali huzipita kimya kimya, nawe unakuja kugundua baadaye kwamba Emacs uliyoijenga haiwezi kufungua picha za SVG. Someni mstari mmoja mmoja. Mbele ya "What window system should Emacs use?" pawe na pgtk, na mbele ya "Does Emacs have native lisp compiler?" pawe na yes. Penye no pasipostahili, sakinisheni kifurushi cha "dev" kinachohusika, kisha rudieni amri ile ile ya configure.

Muhtasari ukiridhisha, andikeni:

make -j$(nproc)

Mistari inayoanza na CC inaonyesha faili za lugha ya C zikikompailiwa moja baada ya nyingine: dispnew.o, frame.o, xdisp.o na kuendelea. Zikishaunganishwa hupatikana programu iitwayo temacs, ambayo ni kiini kitupu cha Emacs. Temacs hiyo hupakia faili za Lisp, lugha ambayo sehemu kubwa ya Emacs imeandikwa, zinazoifanya Emacs iwe kihariri, kisha hali yake ya kumbukumbu huhifadhiwa katika faili ya emacs.pdmp, na ndiyo maana Emacs hufunguka haraka badala ya kusoma Lisp yote upya kila inapofunguliwa. Kompyuta yenye RAM ndogo ipewe make -j2 ili isielemewe.

Kabla ya kusakinisha, ijaribuni hapo hapo ilipo:

src/emacs -Q

Herufi Q inaizuia kusoma mipangilio yenu ya zamani, hivyo kasoro yoyote mtakayoiona ni ya ujenzi wenyewe. Ikifunguka vizuri, ifungeni na kuandika make install, bila sudo, kwa kuwa tunaandika ndani ya folda zetu. Ikiwa folda ya ~/.local/bin haikuwapo awali, tokeni kwenye akaunti na kuingia tena ili mfumo uitambue, kisha thibitisheni kwa emacs --version.

Siku za mwanzo huenda feni ikavuma mnapofungua vitu vipya, kwa kuwa Emacs inaendelea kukompaili faili nyingine za Lisp kimya kimya kila zinapotumika mara ya kwanza.

Msiifute folda ya emacs-30.1. Ndani ya Emacs bonyezeni Control na h, kisha f, andikeni forward-char na mgonge Enter. Katika maelezo yatakayotokea mtaona kiungo chenye maneno "C source code" au jina la faili, cmds.c; mkikibofya, utafunguka mbele yenu msimbo ule ule mlioukompaili, pale hasa panaposogeza kishale herufi moja mbele.