Jinsi ya kubadilisha msukumo wa mhusika hadithi ikiendelea

Karibuni tena, waandishi wenzangu. Leo tunamshughulikia mhusika anayeanza hadithi akisukumwa na jambo moja na kuimaliza akisukumwa na jingine, msomaji asihisi amechezewa. Shika kalamu, au fungua simu yako mahali unapoandikia.

Hatua ya kwanza: andika sentensi mbili. Mhusika wangu anataka nini? Anakitaka kwa nini? Usizichanganye. Mfano wetu ni kijana anayeomba kazi ya ulinzi wa usiku kwenye ghala alimofia kaka yake. Anataka kujua nani alikuwa zamu usiku ule. Kwa nini? Alipize kisasi. La kwanza ni lengo, la pili ni msukumo. Wengi wakitaka mhusika abadilike hukimbilia kubadilisha lengo, na hadithi inakatika vipande viwili. Mimi nashauri uliache lengo palepale, uuguse msukumo tu.

Hatua ya pili, na hapa tutakaa kidogo: upandishie gharama msukumo wa zamani. Mtu haachi kisasi kwa kupewa nasaha nzuri. Anasita pale kisasi kinapoanza kumdai kitu anachokipenda. Kijana wetu, wiki ya kwanza, analipiga picha daftari la zamu. Kwenye tarehe anayoitafuta hakuna jina, kuna sahihi tu, yenye mkia mrefu unaoshuka hadi mstari wa chini. Kisha anapangwa zamu na mzee mmoja. Mzee anamfundisha kazi, anamfichia siri siku anaposinzia lindoni. Alfajiri moja mzee anavuta daftari, anatia sahihi mbele yake, na ule mkia unashuka.

Bado kijana anataka ukweli. Ila sasa anautaka akiomba mzee asiwe na hatia.

Usimgeuze papo hapo. Mpe tukio moja au mawili ambamo misukumo yote miwili inamvuta: anaanza kumwuliza mzee swali, analimeza, anauliza habari za betri za tochi. Matukio ya namna hii ndiyo waandishi huyaruka, nami huwa nayasubiri kwa hamu ninaposoma.

Msukumo si lazima uelekee kwenye wema. Macbeth wa Shakespeare anamwua mfalme Duncan kwa uchu wa kiti. Akishakikalia, anaagiza Banquo auawe kwa hofu, maana wachawi walitabiri kwamba uzao wa Banquo ndio utakaotawala. Anaua tena, lakini anayeua sasa ni mtu anayelinda alichonacho.

Hatua ya tatu ni ya haraka. Angalia sababu ya badiliko imeingia wapi. Kama imeingia ukurasa uleule inapohitajika, irudishe nyuma sura moja au mbili.

Hatua ya nne: futa maelezo. Tafuta sentensi kama “tangu siku hiyo hakuwa mtu yuleyule” uzifute zote, hata ile unayoipenda. Badala yake, kirudishe kitu kilekile, kitendo kiwe kingine. Wakaguzi wanakuja asubuhi kulichukua daftari. Kijana aliyelipiga picha kwa uangalifu, akihakikisha tarehe inasomeka, sasa anauchana ukurasa ule na kuusokomeza kwenye soksi. Picha bado iko kwenye simu yake, hajaifuta. Iache hapo makusudi: msukumo wa zamani ukibaki na mzizi, msomaji hana uhakika kijana atafanya nini mzee akikiri.

Sasa sitisha video. Chukua hadithi yako, chagua kitu kimoja kilichomo kwenye sura za mwanzo, uandike tukio la pili ambamo mhusika anakishika kwa sababu nyingine. Aya moja inatosha. Ukiona umelazimika kueleza anachokiwaza, rudi hatua ya pili. Gharama bado ni ndogo.