Frenkie de Jong: Kiungo Aliyenunuliwa kwa Yuro Moja

Mwanaidi: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Frenkie de Jong, kiungo wa Uholanzi, na tutaishia siku alipoagana na Ajax, klabu ya Amsterdam, kwa sababu mambo yake ya Barcelona yamesemwa sana, ilhali njia iliyompeleka huko haijasimuliwa vya kutosha. Kaka Rashidi, tuanzie kijijini kwao.

Rashidi: Ahsante, dada Mwanaidi. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1997, akakulia Arkel, kijiji kilicho jirani na mji wa Gorinchem. Alianza kucheza katika timu ya kijiji, ASV Arkel, kisha akachukuliwa na akademia ya Willem II ya Tilburg angali mtoto. Huko ndiko alikolelewa hadi tarehe 10 Mei 2015, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 18, alipoingia akitokea benchi dhidi ya ADO Den Haag na kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uholanzi.

Mwanaidi: Agosti mwaka huohuo Ajax wakamsajili, na bei yake hainiishi mawazoni: yuro moja. Naomba uwafafanulie wasikilizaji, maana mtu anaweza kudhani Willem II walilaghaiwa.

Rashidi: Hawakulaghaiwa hata kidogo. Yuro ile ilikuwa ya kukamilisha mkataba tu. Thamani yenyewe ilikuwa katika kifungu kilichowapa Willem II asilimia 10 ya fedha za mauzo yake ya baadaye, na kijana akaachwa Tilburg kwa mkopo hadi Desemba. Tarehe 23 Januari 2019 Barcelona walipotangaza kumnunua kwa yuro milioni 75 pamoja na nyongeza, klabu iliyopokea sarafu moja ilikuwa imejihakikishia mamilioni.

Mwanaidi: Kati ya sarafu ile na mamilioni hayo upo msimu ambao mimi naupenda kuliko yote, wa 2016/17, alipokuwa Jong Ajax, kikosi cha vijana kinachoshiriki ligi daraja la pili. Walimaliza nafasi ya pili. Abdelhak Nouri akawa mchezaji bora wa ligi, na De Jong akawa kipaji bora. Vijana wawili, timu moja, wote wakiutaka mpira mguuni. Julai 2017 Nouri akaanguka uwanjani katika mechi ya kirafiki nchini Austria, moyo wake ukapata hitilafu na ubongo ukaathirika vibaya, na soka yake ikaishia pale akiwa na miaka 20. Siwezi kuusimulia mwanzo wa De Jong bila kumtaja Nouri.

Rashidi: Wala haifai kuusimulia bila yeye. Mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya siku ile, De Jong alikuwa ameingia dakika za mwisho katika fainali ya Ligi ya Europa kule Stockholm, Ajax wakifungwa 2-0 na Manchester United. Hata hivyo, nafasi yake halisi uwanjani ilikuwa bado haijapatikana. Kocha Erik ten Hag alipoichukua timu Desemba 2017, alimtumia hata kama beki wa kati, na kwa maoni yangu ndipo tulipomwona alivyo.

Mwanaidi: Kwa sababu kule nyuma aliuona uwanja wote mbele yake.

Rashidi: Naam, na kwa sababu hakuogopa kuupokea mpira akiwa amebanwa. Tazama tena mechi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, uwanjani kwao Santiago Bernabéu, ya tarehe 5 Machi 2019, Ajax waliposhinda 4-1 baada ya kufungwa 2-1 nyumbani. Mpinzani anapomkimbilia, De Jong hauzuii mpira. Anauacha upite kando ya mwili wake, anageuka nao, na yule aliyekuja kumpokonya anabaki nyuma yake. Kiungo mwingine angerudisha pasi kwa kipa. Yeye anapanda nao mita 20 au 30, na safu nzima ya wapinzani inalazimika kujipanga upya.

Mwanaidi: Baada ya Madrid wakawatoa Juventus kule Turin. Kisha, tarehe 5 Mei, Ajax wakachukua Kombe la Uholanzi kwa kuifunga 4-0 timu gani? Willem II, klabu iliyomlea.

Rashidi: Siku tatu baadaye, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Amsterdam, Lucas Moura wa Tottenham akafunga bao lake la tatu katika dakika ya 96, na fainali ikawaponyoka Ajax kwa kanuni ya mabao ya ugenini, iliyompitisha aliyefunga mengi zaidi ugenini pale jumla ya mabao ilipolingana.

Mwanaidi: Nilizima televisheni, nikakaa gizani kwa muda mrefu.

Rashidi: Wiki moja baada ya usiku ule, wakaenda Doetinchem, wakaifunga De Graafschap 4-1 na kutwaa ubingwa wa ligi, na hiyo ndiyo ikawa mechi ya mwisho ya De Jong akiwa na jezi ya Ajax.