Seli shina ya msuli hugawanyika kuelekea wapi?

Mabibi na mabwana, uzi wa msuli haugawanyiki. Ni seli moja ndefu yenye mamia ya viini, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza tena kuzaa kingine. Basi msuli ukichanika, nyuzi mpya zinatoka wapi?

Mwaka 1961 Alexander Mauro alikuwa akichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Akaona seli ndogo zilizobanwa kati ya uzi na utando unaouzunguka, akaziita seli setilaiti. Hizo ndizo seli shina za msuli, yaani seli za akiba zinazoweza kuzaa seli za kujenga na pia kuzaa shina nyingine kama zenyewe, na leo tunazitambua kwa protini ya Pax7. Siku nyingi zimetulia tu, hazigawanyiki. Jeraha likitokea huamka, huongezeka, kisha nyingi huungana na kuwa nyuzi mpya. Uwezo wao ni mkubwa mno: mwaka 2005 watafiti walipandikiza kwenye panya uzi mmoja wenye seli setilaiti saba hivi, zikazaa nyuzi zaidi ya 100.

Lakini kama zote zingekwenda kujenga, jeraha la pili lingekuta msuli hauna kitu. Lazima baadhi zibaki kuwa shina. Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jibu limo katika upande ambao seli inagawanyikia. Mwaka 2007 maabara ya Michael Rudnicki, huko Ottawa, Kanada, ilionyesha hivi: seli ikigawanyika sambamba na uzi, zote mbili zinazozaliwa hugusa uzi na utando kama mama yao, na kwa kawaida hufanana. Akiba inaongezeka. Ikigawanyika kwa kusimama wima juu ya uzi, ile iliyobaki upande wa utando huendelea kuwa shina, na ile iliyo upande wa uzi huwasha jeni ya Myf5 na kushika njia ya ujenzi. Mama mmoja, watoto wawili, na majaliwa yao hutegemea walipoangukia.

Seli inajuaje juu na chini? Mojawapo ya protini zinazoiongoza ni distrofini, ileile inayokosekana kwa watoto wenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kazi yake ni kuimarisha nyuzi tu. Mwaka 2015 maabara hiyohiyo ilionyesha, kwa panya, kwamba seli shina nazo huihitaji. Zikiikosa hupoteza mwelekeo, ule mgawanyiko wa wima hupungua, na seli za kujenga huwa chache ingawa seli shina zenyewe zipo. Kwa hiyo mtoto mwenye Duchenne ana misuli inayovunjika kwa urahisi, na mafundi wa kuikarabati nao hawazaliwi vya kutosha.

Ndiyo maana nasisitiza: tiba ya jeni inayorudisha distrofini kwenye nyuzi peke yake imefanya nusu ya kazi. Ni lazima ifike pia kwenye seli shina, ambazo ni chache, ndogo, na zimejificha chini ya utando.