Fleti Yangu, Bima Yao: Nilivyohangaikia Karatasi Huku Uingereza

Haya, habari zenu wapenzi. Walioko Tanga, Dar, Mombasa, na nyie mnaoniangalia mkitoka kazini Muscat, salamu zenu. Leo sijajipamba, mtanivumilia, maana ninachotaka kuwaonyesha kiko juu. Ngoja nigeuze simu. Mnaliona hilo doa darini, la rangi ya chai ya mkandaa? Mwezi wa kwanza lilikuwa kama kisosi. Sasa hivi ni sinia.

Ni maji ya jirani wa juu, bomba la bafu lake lilivuja. Mama nilipomwambia nawafukuzia wenye jengo wanipe karatasi za bima, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, si ulituambia umenunua? Mwenye nyumba katokea wapi tena?"

Mama ana haki ya kuuliza. Huku fleti nyingi hununui kiwanja, unanunua miaka. Yangu ilikuwa 125 ilipoanza. Ukijua hati zetu za miaka 33, 66 na 99 utaelewa upesi, ila huku aliye juu yako si serikali, ni kampuni ambayo sura yake sijawahi kuiona. Nayo imeweka kampuni nyingine isimamie jengo: usafi wa ngazi, taa za korido, lifti. Na bima. Bima ya jengo zima wanakata wao, tunaolipa ni sisi. Bima niliyokata mwenyewe ni ya vyombo tu, makochi na nguo. Dari haimo.

Nikaomba nakala. Barua pepe ya kwanza, kimya. Ya pili nikajibiwa na mashine: tumepokea ujumbe wako. Nikapiga simu, nikasikiliza muziki dakika 40, kijana akaniambia anayeshughulika na bima yuko likizo. Wiki mbili baadaye bado yuko likizo. Jamani, mimi nilidhani "njoo kesho" nimeiacha kwenye kaunta za nyumbani! Tena hela yao wakiidai hawachelewi. Ankara ya nusu mwaka ilifika siku ileile, na mstari wa bima umo, umekolezwa wino.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Kikenya tunayefanya naye zamu. Akaniuliza, umeandika barua, au unalalamika tu? Akanielekeza LEASE, shirika la ushauri linalogharamiwa na serikali, bure kabisa. Huko ndiko nilikojua kwamba ipo Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 1985, na mwishoni ina jedwali zima la mambo ya bima. Ukiomba kwa maandishi muhtasari wa bima, au kuiona yenyewe na kupata nakala, wana siku 21. Wakikaa kimya bila sababu ya maana, hilo ni kosa la jinai, faini inafika pauni 2,500. Simu zangu zote zile, na muziki wote ule, havihesabiki.

Basi nikaandika. Ukurasa mmoja, bila matusi, ingawa yalinifika mdomoni. Nikataja sheria, nikataja siku 21. Nakala moja kwa kampuni ya usimamizi, nyingine kwa mwenye jengo mwenyewe. Jina na anwani yake nimeyatoa kwenye ankara yao, maana sheria nyingine, ya mwaka 1987, inawalazimu kuyaandika hapo, la sivyo ile ada ya huduma hudaiwi mpaka wayatoe. Posta nikaomba risiti ya kuthibitisha nimetuma. Ni bure, na hii hapa, nimeibandika kwenye friji pembeni ya ratiba ya swala.

Siku ya 19, saa kumi na moja jioni, faili likaingia. Kurasa 43. Yule wa likizo karudi!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokaa chini. Ukurasa wa 6: madai ya maji yaliyovuja, pauni 2,500 za kwanza bima haigusi. Fundi wangu wa dari amesema 900. Miezi mitatu natafuta mlango, naufungua, nyuma yake ukuta.

Jirani wa juu, tuseme ukweli, ni muungwana. Tumekubaliana nusu kwa nusu, fundi anakuja Jumamosi.

Lakini mimi na wale bado. Tangu tarehe 31 Desemba 2023, FCA, mamlaka inayosimamia mambo ya fedha huku, imezitaka kampuni za bima na madalali watoe maelezo yatakayotufikia sisi wenye fleti, pamoja na kamisheni: nani kapata kiasi gani kwenye hela yetu. Kwa hiyo nimeandika barua ya pili. Risiti yake iko palepale kwenye friji, na leo ni siku ya nne.