Maski Kwanza, Vichujio Baadaye

BAKARI: Karibuni tena. Leo tunahariri picha, na tunasema na yule mpigapicha wa kujifurahisha ambaye ndiyo kwanza amepakua GIMP, programu ya kuhariri picha. Dada Rehema, aanzie wapi?

REHEMA: Kwenye maski, yaani pazia linaloamua sehemu gani ya marekebisho ionekane na ipi ifichwe. Wengi hukimbilia vichujio, lakini kichujio hutibu picha nzima kwa dawa moja wakati mgonjwa ni kona moja tu.

BAKARI: Tuseme uso umo kivulini, na nyuma yake anga linang'aa.

REHEMA: Huyo ndiye mgonjwa wa kila siku. Rudufu leya, yaani tabaka la picha, kwa Ctrl, Shift na D. Kwenye leya ya juu fungua kevu, ule mchoro wa mstari wa kurekebisha mwanga toka 0 ya weusi hadi 255 ya weupe, shika mstari katikati, penye 128, uuvute juu hadi kama 170. Uso utatoka kivulini, ila anga litaungua, yaani litageuka jeupe tupu. Liache liungue. Sasa bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uiwekee maski nyeusi.

BAKARI: Na kazi yote inapotea machoni! Hapo mtu huanza kuilaumu programu.

REHEMA: Haijapotea, imefichwa. Nyeusi huficha, nyeupe hufichua, kijivu kiko kati. Chukua brashi laini, ugumu sifuri, opasiti, yaani uzito wa rangi, 30, rangi nyeupe, upake usoni. Ukitaka mwanga uzidi, achia kipanya kisha upake upya. Kusugua palepale bila kuachia hakuongezi kitu.

BAKARI: Napaka, napaka, hakuna kinachobadilika.

REHEMA: Basi unapaka leya, si maski. Na ubaya wake ni kwamba weupe huo umejificha chini ya maski. Ukija kufichua sehemu hiyo baadaye, unakuta madoa. Tazama vile vijipicha viwili kwenye orodha ya leya: chenye fremu nyeupe ndicho unachokipaka. Rudi nyuma kwa Ctrl na Z, bofya kijipicha cha maski, uendelee.

BAKARI: Halafu kuna ile taji ya nuru kuzunguka kichwa, utadhani mtu kashushwa kutoka mbinguni.

REHEMA: Brashi imemwagikia angani. Bonyeza X, nyeupe na nyeusi zibadilishane nafasi, punguza ukubwa wa brashi, kuza picha hadi asilimia 100, kisha urudishe ukingo wa nywele taratibu. Hapa hakuna njia ya mkato, ni mkono tu.

BAKARI: Kivuli kikiwa kizito sana je?

REHEMA: Inategemea faili. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi, ile ya kamera kabla haijachakatwa, ya biti 14 ina 16,384. Ukivuta JPEG kwa nguvu, vivuli hutoka na mabaka, na anga hugawanyika michirizi. Ghafi huvumilia. Ila GIMP haifungui ghafi yenyewe, huikabidhi kwa programu nyingine, darktable au RawTherapee, kwa hiyo sakinisha mojawapo kwanza.

BAKARI: Na anga lililoungua tangu kwenye kamera?

REHEMA: Angalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha umegawanyika vipi, giza kushoto na weupe kulia. Kama imerundikana ukutani kulia, penye 255, hapo hamna kitu cha kuokoa. Ukipunguza mwanga unapata kijivu cha majivu, si mawingu. Kwenye ghafi pengine kimebaki kidogo.

BAKARI: Kuhifadhi?

REHEMA: Ctrl na S inatoa XCF, faili ya GIMP yenyewe, yenye leya na maski zako zote. JPEG ya kumtumia mtu unaitoa kwa Ctrl, Shift na E, ubora 90 unatosha. Aliyebaki na JPEG peke yake, kesho akiona uso umezidi mweupe, anaanza upya.

BAKARI: La mwisho: kwenye skrini picha ni nzuri, ikichapishwa inatoka giza.

REHEMA: Skrini ilikuwa imeongezwa mwanga hadi mwisho, ukaliamini jicho. Ishushe hadi ukurasa mtupu usionekane kama taa, uangalie tena na histogramu, halafu uchapishe nakala moja ndogo kabla ya ile kubwa.