Kunasa na Kuachia: Vitundu Vinavyotusaidia Kupima Sumu Kwenye Maji na Nafaka
(Mhadhara kwa wadau wa maji na nafaka, Dodoma)

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa maji na chakula, lakini mashine zenyewe nitaziweka pembeni. Hizo mmeshaziona, kila mgeni akija maabara anapigwa nazo picha. Mimi nina hiki kinachotangulia mashine: kibomba cha plastiki, mfano wa bomba la sindano lisilo na sindano. Ndani mna nusu gramu ya unga mweupe, umebanwa katikati ya visahani viwili vyembamba. Tunakiita katriji. Jibu la maabara likiwa bovu, mara nyingi limeharibikia humu.

Kwa nini tukihitaji? Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu yote ya aina ya aflatoksini kwenye mahindi isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hesabu yake kwa gunia la kilo 100 ni miligramu 1, yaani punje moja ya mchanga wa mtoni ndani ya gunia zima. Na hapa kwetu hakuna haja ya kushawishiana kwamba punje hiyo ina madhara. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Chemba na Kondoa wanakumbuka.

Sasa hiyo punje imezungukwa na wanga, mafuta, protini na rangi. Ukisaga mahindi, ukayatikisa kwenye methanoli, aina ya alkoholi, na maji, ukachuja, bado una uji wa kila kitu. Ukiupeleka hivyo hivyo kwenye mashine, sumu inapotea katikati ya vurugu. Lazima kitu kiishike sumu na kuyaacha mengine yapite.

Kazi hiyo hufanywa na vitundu. Huu unga ni silika, na kila chembe imejaa vitundu vya nanomita chache, yaani sehemu chache za bilioni za mita, kiasi kwamba gramu moja ina eneo la ndani la mita za mraba mia kadhaa. Kuta za vitundu zimepandikizwa minyororo ya kaboni 18, na minyororo hiyo hupenda vitu vyenye tabia ya mafuta. Maji yenye mabaki ya viuatilifu vya shamba la zabibu yakipita hapa, viuatilifu vingi hujibanza ndani, chumvi inaenda zake. Ukipitisha lita 1 ya maji, kisha ukavitoa vilivyonaswa kwa mililita 1 ya methanoli, umevikoleza mara 1,000. Ndiyo maana mashine inaweza kuviona.

Wauzaji hupenda kutuambia eneo la ndani: hiki mita za mraba 1,000 kwa gramu, kile 3,000. Msinunue kwa namba hiyo peke yake. Chukueni fluoridi, ambayo sisi wa Kanda ya Kati tunaijua kwa meno ya watoto wetu. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi mno, ukiwa mzuri una mita za mraba 1,000 kwa gramu, na fluoridi unaiacha ipite karibu yote. Mkaa wa mifupa, ule wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo, una kama sehemu ya kumi tu ya eneo hilo, lakini unainasa, kwa sababu madini ya mfupa yana nafasi ambayo fluoridi huingia na kukaa. Kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimeufanyia kazi mkaa huo muda mrefu. (Kupima fluoridi hakuhitaji katriji, elektrodi inatosha. Nimeitaja kwa ajili ya kuisafisha.)

Hata vitu vipya vina masharti yake. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa fuwele zilizofumwa kwa metali na viungo vya kaboni, zenye vitundu vinavyoweza kupangwa ukubwa. Kazi nzuri mno. Huitwa MOF kwa kifupi. Lakini MOF-5, mojawapo ya zile zilizosifika mwanzoni, huharibika kwa unyevu wa hewa tu. Uipeleke wapi kupima maji ya kisima? Zile za zirkoni, kama UiO-66 ya Chuo Kikuu cha Oslo, huvumilia.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu udongo. Ni kweli, bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, hunasa aflatoksini katikati ya tabaka zake, na huchanganywa kwenye chakula cha mifugo. Hiyo haifanyi pemba ya sokoni, udongo ule wa kula, kuwa dawa, mama. Anika mahindi vizuri, chambua yaliyoota kuvu.

Nirudi kwenye katriji, maana kuna jambo ambalo vijana wa maabara hulipuuza: kuachia. Kwa chujio la nyumbani, kinachoshika na kung'ang'ania ni kizuri. Kwa mpimaji ni hasara, kwa sababu kilichobaki kwenye vitundu hakitahesabiwa. Mkaa amilifu huving'ang'ania hivyo baadhi ya viuatilifu. Ndiyo sababu kwa sumukuvu wengi hutumia safu yenye jeli iliyobandikwa kingamwili, protini zinazotambua kitu kimoja mahususi: zinaishika aflatoksini peke yake, kisha methanoli ikipita zinaachia.

Na mkono nao una sehemu yake. Katriji hii unailowesha kwanza kwa methanoli, kisha maji, na huiachi ikauke kabla sampuli haijaingia. Sampuli ishuke tone kwa tone. Ukivuta kwa haraka ili uwahi chakula cha mchana, sumu inapita kabla haijapata kitundu.

Kwa hiyo, ninyi mnaoleta mahindi kutoka soko la Kibaigwa, mkipewa cheti, ulizeni asilimia ya urejeshaji: maabara ilipoweka sumu ya kiasi kinachojulikana kwenye mahindi safi, ilirudi kiasi gani? Kwa viwango hivi wapimaji hutaka kati ya 70 na 110. Ikiwa imerudi asilimia 60, na cheti kinasema mikrogramu 7 bila kurekebishwa, gawanyeni 7 kwa 0.6. Inakuja 11 na ushee, na mzigo huo umevuka kikomo.