Linki koko kwenye Linux, tuzinase (na -delete iwe mwisho!)

Asalaam aleikum jamaa zangu, leo niko dukani hapa Langoni, Lamu, na mkisikia punda analia msishangae, nimefunga dirisha lakini punda hajui dirisha. Laptopu hii ya Ubuntu 22.04 ni ya ami mmoja mwenye gesti kule Shela, ina skripti ya kuweka bakapu ya buku la wageni kila siku, sasa wiki nzima bakapu hamna. Skripti nimeisoma haina kosa. Ona lakini, naandika komandi yake ya kuuliza tarehe ya kesho, date -d tomorrow, yanijibu invalid date. Date ya Ubuntu hiyo tomorrow yaijua vizuri tu! Kwa hivyo anayejibu hapa si date, ni mwingine kavaa kanzu yake.

Andika type -a date, yakuonyesha kila date iliyoko. Zimetoka tatu: /usr/local/bin/date, /usr/bin/date, /bin/date. Ya mwisho usihangaike nayo, /bin yenyewe ni linki, yaani jina tu linaloelekeza kwingine, hapa kwenda usr/bin, ni date ile ile umeiona mara mbili. Mgeni ni huyo wa juu, na kwa kuwa yuko mbele kwenye PATH, ile orodha ya folda za kutafutia komandi, ndiye anayeitwa kwanza. Sasa ls -l /usr/local/bin/date, ngoja nivute skrini... mwauona mshale? Waelekea /usr/bin/busybox. Busybox ni programu moja yenye kazi nyingi, ukiiita kwa jina la date yajifanya date, kwa jina la ls yajifanya ls, safi sana kwa ruta na vifaa vidogo, ila date yake maneno kama tomorrow haiyajui. Nani kaiweka? Ami asema mpwa wake alikuja likizo "akaifanya nyepesi". Haya.

Linki koko, yaani linki kama hii iliyozagaa bila kutakiwa, haiwi moja, ni kama paka wa Lamu, ukiona mmoja jikoni jua wenzake wako ukutani. Tuzisake kwa find, komandi ya kutafuta faili, na sudo mbele ni ruhusa ya msimamizi:

sudo find /usr/local /opt /home -lname '*busybox*' -ls

Hizo alama za nukuu usiziache, shell, ile inayosoma unachoandika kwenye teminali, yaweza kuila nyota kabla find haijaiona. Zimetoka nne... tano: date, ps, tar, wget, na hii vi, mpwa alikuwa na bidii! Zile zinazoelekea kusiko na kitu ni find /usr/local -xtype l, yaani umeelekezwa nyumba ya mtu Mkomani kumbe alishahama. Hapa iko moja.

Sasa simama. Weka kahawa chini. Kuna -delete, ya kufuta kilichopatikana, na -delete inakaa MWISHO wa komandi. Find yasoma kushoto kwenda kulia, ukiitanguliza yafuta kwanza halafu ndo yauliza. Mimi niliwahi kuiandika mara tu baada ya /usr/local/bin, nikabonyeza enta, folda nzima ikaenda na skripti zangu za miaka miwili, nikakaa kimya mpaka adhana ya magharibi. Endesha kwanza na -ls, inayoorodhesha tu, soma kwa macho yako, halafu ndo ubadilishe. Mwisho, nimesema? Mwisho. Na kuna watu watakwambia tumia find -L na -samefile, ya kusaka kila kinachofikia faili moja, yatafuta vizuri lakini ukisaka hadi /usr/bin, kwenye orodha yakutolea na busybox yenyewe, ukifuta yote umemfuta mwenye nyumba. Mimi zikiwa tano nafuta kwa mkono, sudo rm na jina kamili, yaondoka linki tu, kinachoelekezwa hakiguswi.

Ah, na /etc/alternatives mtaikuta imejaa linki, hizo ni za mfumo, ziacheni.

Nimefuta, tujaribu, date -d tomorrow... eh! No such file or directory. Ngoja. Sikati video, muone. /usr/bin/date ipo, nimeiangalia, sasa mbona... aa! Bash, ndiyo shell yetu hapa, inakumbuka njia ya zamani, teminali ni ile ile. Andika hash -r, isahau. Tena. Hiyo hapo, tarehe ya kesho, na punda naye kanyamaza.

Naiendesha skripti ya ami... bakapu imetoka. Flashi za Linux Mint ninazo hapa dukani, kila moja naijaribu mwenyewe kabla sijaiuza, njooni. Mpwa wa ami simuuzii.